Kuzama peke yako: jinsi ya kuchagua vifaa na kuvipanga mwilini, mwanzo hadi mwisho

Watu wakisikia habari za kupiga mbizi solo wanadhani ni suala la kununua kimtungi cha akiba, unakining'iniza ubavuni, umemaliza. Sio hivyo. Mwenzako wa mbizi anakufanyia kazi kadhaa bila hata wewe kugundua, na siku ukimwacha nchi kavu kila kazi yake lazima ipate kifaa au zoezi la kuishika. Kuna moja ambayo haina kifaa cha kuziba pengo lake na bora niiseme mapema tusidanganyane: ukizimia chini ya maji uko peke yako, hamna wa kukutoa. Kama una tatizo la moyo, presha haijatulia, kifafa, au siku hiyo tu umeamka hovyo hovyo, hapa hamna mtungi wala kompyuta itakayokusaidia, usizame.

Na hii sio ya anayeanza. Kwenye mashirika ya kufundisha mbizi, SDI wana kozi ya solo na PADI wana yao ya mzamiaji anayejitegemea, wote wanataka uwe umeshapiga mbizi 100 zilizoandikwa kwenye logi, umri miaka 21 kwa SDI na 18 kwa PADI. Boti nyingi hazikuruhusu kushuka peke yako bila hicho cheti, na nyingine hata ukiwa nacho hawataki, kwa hiyo uliza kabla hujapakia mizigo. Ninayoandika hapa ni kwa mbizi za kawaida tu, yaani maji wazi, hakuna kuingia pangoni wala ndani ya meli iliyozama, na hakuna dekompresheni ya lazima (vile vituo vya kusimama unapopanda ili gesi itoke mwilini). Ukitoka nje ya hapo hesabu zote zinabadilika.

Hatua ya 1: Andika kazi za mwenzako kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi. Mwenzako ni hewa ya pili pale yako inapoisha au regulata (kifaa kinachopunguza presha ya mtungi ili uweze kuvuta hewa) inapogoma. Ni macho ya kuona mgongoni kwako, ambako mapovu yanavuja na kamba zinanasa. Ni mikono miwili ya ziada ukinaswa na nyavu. Ni kichwa cha pili kinachokumbuka kina na muda. Na ukifika juu mbali na boti, ni mtu wa pili wa kupiga kelele.

Mbele ya kila moja andika nini kitaishika. Ukimaliza utaona orodha yako ni fupi kuliko ulivyotarajia, na hilo ndo lengo, maana kosa la pili la watu wa solo (la kwanza ni kwenda bila hewa ya kutosha) ni kujitundika mavifaa mpaka hawajui nini kiko wapi. Kipimo ninachotumia mimi ni kimoja: kifaa chochote cha dharura uweze kukifikia kwa mkono wowote ule, umefumba macho, ndani ya sekunde chache. Kisichopita mtihani huo kihamishe au kiache nyumbani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya hewa ya akiba, usikisie

Hapa ndo tukae kidogo maana ndo moyo wa mambo yote.

Kwanza jua unavuta hewa kiasi gani. Shuka mita 10, ogelea mwendo wako wa kawaida dakika 10 bila kubadilisha kina, andika presha ya mwanzo na ya mwisho. Tuseme mtungi wako ni wa lita 12 na umetumia bar 30. Hiyo ni 12 mara 30, lita 360. Gawa kwa dakika 10 unapata 36, alafu gawa kwa 2 kwa sababu kwenye mita 10 presha ni mara mbili ya juu, unabaki na lita 18 kwa dakika. Hicho ndo kiwango chako ukiwa umetulia. Rudia siku kadhaa tofauti, na siku ya maji yenye mkondo pia, uchukue ile namba mbaya, usichukue ile nzuri ya kujisifia.

Sasa hiyo namba ya utulivu usiitumie kwenye dharura. Mtu aliyekosa hewa ghafla anahema mara mbili zaidi, wengine hata zaidi ya hapo. Kwa hiyo kwenye hesabu ya akiba weka lita 40 kwa dakika.

Tuchukue mita 30. Presha pale ni mara 4 ya juu. Dakika moja ya kutafuta mdomo wa akiba (kile kipande cha regulata unachokiuma na kuvuta hewa), kuuweka, kujituliza na kuanza kupanda: 40 mara 4, lita 160. Kupanda kutoka 30 hadi 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni kama dakika 3, wastani wa kina ni mita 17.5 ambapo presha ni 2.75, kwa hiyo 40 mara 3 mara 2.75 ni lita 330. Kusimama mita 5 kwa dakika 3, lita 180. Dakika ya mwisho mpaka juu, lita 50. Jumla lita 720.

Mtungi wa lita 3 ukijazwa bar 200 una lita 600. Umeona? Hautoshi kwa mita 30, labda uruke kile kituo cha mita 5, na kituo hicho kwenye mbizi isiyo na dekompresheni unaweza kukiruka ikibidi, lakini kwa nini upange kukiruka kabla hata hujaingia majini. Kwa kina hicho tafuta wa lita 4 kwenda juu, na ule wa alumini wa lita 5.7 hivi ambao watu wanautumia kama mtungi wa steji (mtungi wa ziada wa kubeba ubavuni) unakupa zaidi ya lita 1100, hapo unapumua kwa raha. Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa mita 18 inakuja kama lita 470, kwa hiyo lita 3 inatosha vizuri.

Alafu kuna vile vichupa vidogo vyenye mdomo umeshikiliwa juu yake moja kwa moja, vinauzwa sana kwa sababu vinaingia mfukoni. Kimoja maarufu kinabeba lita 85. Kwenye mita 30 kwa mhemo wa dharura hiyo ni nusu dakika na ushei. Kwa anayezama mita 6 kuangalia matumbawe labda, kwa solo ya kweli hapana.

Kanuni moja ambayo haina mjadala: hewa ya akiba haihesabiwi kwenye mpango wa mbizi. Unapanga kana kwamba huo mtungi haupo, na kwenye mtungi mkubwa bado unatoka na bar 50 zako. Siku utakayoanza kusema "ntakaa dakika tano zaidi si nina akiba", akiba hauna tena.

Hatua ya 3: Chagua mpangilio wa mitungi

Kuna njia kama nne na watu wanagombana kweli kuhusu hizi.

Mtungi mmoja mkubwa na mdogo wa akiba ambao wengi wanauita poni. Kwa mtu anayeanza solo hii ndo napendekeza, rahisi, unatumia vifaa ulivyonavyo, mifumo miwili imetengana kabisa.

Mitungi miwili ya ubavuni. Uzuri wake mkubwa ni kwamba valvu zote mbili na steji za kwanza (zile sehemu za regulata zinazofungwa kwenye mtungi) ziko mbele ya macho yako, ukiona povu unajua linatoka wapi na unafunga mwenyewe. Ubaya ni kwamba inahitaji kujifunza upya karibu kila kitu, na unatakiwa kubadilisha mdomo mara kwa mara ili mitungi ishuke pamoja, kila mmoja ubaki na hewa ya kukutoa wakati wowote. Ukipata mwalimu mzuri, kwa solo sijaona mpangilio unaoupita.

Mitungi pacha ya mgongoni yenye bomba la kuiunganisha na valvu ya kutenganisha katikati. Nzuri, ila tu kama unaweza kufikia valvu zote tatu nyuma ya kichwa chako. Kama bega halifiki, ni mzigo mkubwa mgongoni usioweza kuutawala, na hamna mwenzako wa kukufungia.

Ya nne ni mtungi mmoja wenye valvu mbili na regulata mbili. Wengi wanadhani imewatosha. Inakusaidia regulata ikiharibika, lakini hewa ikiisha imeisha, mtungi ni ule ule mmoja. Kwa solo mimi siihesabu kama akiba.

Hatua ya 4: Regulata na namna ya kufunga poni

Kwenye mtungi mkubwa chukua regulata iliyosawazishwa, yaani ile ambayo uvutaji wake haubadiliki mtungi unapokaribia kuisha. Kwa kufunga, DIN naipenda kuliko ile ya kubana kwa juu kwa sababu inaingia ndani ya valvu kwa kuzungushwa na oringi (pete ya mpira ya kuziba) inafungiwa ndani, ukigonga mwamba haichomoki kirahisi. Maji yakiwa chini ya nyuzi 10 chukua iliyozibwa kwa ajili ya baridi, la sivyo inaganda na hewa inaanza kumwagika yenyewe bila kukoma.

Regulata ya poni isiwe ile ya zamani uliyoitoa stoo. Watu wanafanya hivyo sana, wanaona ni ya akiba basi yoyote tu. Fikiria utaitumia lini: chini kabisa, umechoka, unahema kama umekimbizwa. Hapo ndo unahitaji regulata nzuri kuliko zote. Ipelekwe sevisi pamoja na ile kubwa.

Sasa wapi pa kuufunga. Kuna wanaoufunga mgongoni ubavuni mwa mtungi mkubwa kwa mkanda au brakete. Unakaa vizuri, haukusumbui mbele, lakini geji ya presha huioni, valvu huifikii, na kamba ikinasa nyuma ndo imenasa. Mimi nasema uning'inize mbele ubavu wa kushoto, klipu moja kwenye pete ya bega na nyingine kwenye pete ya kiuno, shingo ya mtungi ikae chini kidogo ya kwapa. Hapo unaona sindano ya geji, unagusa valvu, na ukitaka kumpa mtu wa boti unauvua. Klipu zifungwe kwenye mtungi kwa kamba ya nailoni ya kukatika kwa kisu, usifunge chuma kwa chuma, kwa sababu klipu ikigoma unataka kuikata uachane nayo. Na zile klipu za mlango wa springi unaofunguka kwa ndani zikisukumwa, usiziguse kabisa, zinajifunga zenyewe kwenye nyuzi za uvuvi bila kukuuliza.

Hosi ya kwenda mdomoni kama mita moja inatosha, ipite nyuma ya shingo au ifuate kifua ukipenda. Mdomo wenyewe ukae chini ya kidevu kwenye mkufu wa kamba ya mpira ambao unachomoka ukivutwa. Kwa nini kidevuni? Kwa sababu hauwezi kupotea pale. Mdomo unaoning'inia pembeni siku ukiutafuta utakuwa umeingia mchanga au umekaa nyuma ya mgongo. Geji ya poni iwe ile ndogo kwenye hosi fupi ya sentimita 15, uso wake unakuangalia wewe. Vile vigeji vya ukubwa wa kifungo vinavyofungwa moja kwa moja kwenye steji ya kwanza havisomeki.

Ile pweza, yaani mdomo wa ziada wa njano wa kumpa mwenzako, ukiwa solo itoe. Midomo mitatu kifuani inaleta mkanganyiko na mkanganyiko ndo unaoua: kumewahi kutokea vifo vya watu waliokuwa wanavuta poni toka mwanzo wakidhani ni mtungi mkubwa. Ili hili lisikukute, fanya midomo iwe tofauti kwa kugusa, mmoja funga raba nene kwenye hosi karibu na mdomo, na kila ukianza kushuka angalia sindano ya mtungi mkubwa huku unavuta.

Valvu ya poni ifungwe au iachwe wazi? Wapo wanaoifungua wanajaza hosi presha kisha wanaifunga, hoja yao ni kwamba hewa haitavuja bila wewe kujua. Hoja ni ya kweli kwa mtungi wa steji. Kwa mtungi wa kukuokoa mimi naacha wazi, maana dakika ile unapovuta pumzi ya kwanza ikakataa, hutakuwa na akili ya kutafuta koki. Ukiiacha wazi tu uwe unaipiga jicho geji yake kila unapoangalia ile kubwa.

Na gesi ya ndani: iwe salama kwa kina chako cha mwisho. Nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) ya asilimia 32 mwisho wake ni kama mita 34 kwa kipimo cha presha ya oksijeni cha bar 1.4, ya 36 ni kama mita 29. Hewa ya kawaida kwenye poni inakuondolea mawazo. Andika gesi na tarehe kwenye utepe, ubandike shingoni.

Hatua ya 5: Kuelea na uzito

BCD (kifaa cha kuelea unachokijaza na kukitoa hewa) ya jaketi inafaa, bamba la mgongoni lenye bawa linafaa zaidi kwa sababu kifua kinabaki wazi na pete zinakaa pale pale kila siku. Usichanganyikiwe na mifuko mingi. Angalia bawa au jaketi inaweza kukushikilia juu na mitungi yote imejaa, na angalia kila koki ya kutolea hewa kama unaifikia.

Uzito upime upya. Poni umebadilisha kila kitu, hasa wa alumini ambao ukiisha hewa tako linaanza kuelea juu. Ingia na mtungi mkubwa ukiwa na bar 50, BCD tupu, kaa mita 3 mpaka 5. Kama unaweza kutulia hapo bila kupanda wala kuzama, uzito wako ni huo. Kumbuka mtungi wa lita 12 uliojaa bar 200 una karibu kilo 3 za hewa, kwa hiyo mwanzo wa mbizi utakuwa mzito kidogo na ni kawaida. Wanaozama na kilo nne za ziada "kwa usalama" wanajiharibia, kwa sababu BCD ikipasuka kwenye mita 25, suti imebanwa na maji haibebi kitu, hutaweza kuogelea kwenda juu.

Gawa uzito sehemu mbili, moja ya kutupa na moja ya kubaki, ili ukitupa usirushwe juu kama kizibo. Na uwe na njia ya pili ya kuelea: drai suti (suti isiyoingiza maji) kama unayo, au boya kubwa la kupulizia ambalo tutalisema mbele. Kitufe cha kujazia BCD kikikwama wazi, uweze kuchomoa hosi yake kwa mkono mmoja na glavu zako. Kama glavu zinateleza, badilisha kichwa cha hiyo hosi kiwe cha kushikika. Hili jaribu nyumbani sebuleni kabla ya kwenda popote.

Hatua ya 6: Kina, muda, dira

Kompyuta mbili. Ya pili inaweza kuwa rahisi kabisa ya saa ya mkononi, ila ziwekwe gesi ile ile na kiwango kile kile cha tahadhari, la sivyo zitabishana na wewe ndo utachanganyikiwa uamini ipi. Zikitofautiana fuata ile inayokupa muda mdogo. Kama kompyuta yako inasoma mtungi kwa redio, bado weka geji ya sindano kwenye hosi, betri ya kile kitumaji huwa inakufa siku mbaya. Dira iwe ya kweli ya sindano, mkononi au kwenye kamba ya mpira, na kibao kidogo cha kuandikia chenye mpango wa mbizi. Hapa sina la zaidi.

Hatua ya 7: Kukata na kuona

Zana mbili za kukatia, tena za aina tofauti. Kile kikata-uzi chenye wembe ndani ya mfereji ni kikali mno kwa nyuzi za nailoni na nyavu, na huwezi kujichoma nacho. Mkasi wa huduma ya kwanza, ule wa kukata nguo za majeruhi, unakata kamba nene na hata waya mwembamba ambao wembe hauwezi. Kisu kikubwa cha mguuni achana nacho, ukinaswa miguu ndo iliyonaswa. Weka moja kwenye mkanda wa kiuno kushoto au katikati, nyingine begani kulia au kwenye mkanda wa kompyuta, uhakikishe kila mkono unafika angalau moja bila msaada wa mwingine. Mikasi hii inaota kutu haraka hivyo ipake silikoni na ibadilishe ikianza kukwama, bei yake ni ndogo.

Maski ya spea mfukoni, ile isiyo na fremu inajikunja vizuri. Iwe umeshaisafisha utando wa kiwandani, na umeshaivaa majini, kwa sababu maski mpya ukiitoa kwa mara ya kwanza ukiwa na dharura itajaa ukungu na utakuwa umebadilisha tatizo tu. Kama unavaa miwani, spea nayo iwe na lenzi zako, la sivyo geji utaisomaje.

Tochi mbili ndogo hata mchana. Fini ziwe na mikanda ya springi, vifungo vya plastiki hukatika.

Hatua ya 8: Kuonekana ukishafika juu

Hii watu wanaipuuza, wanadhani tatizo liko chini. Mtu mmoja kichwa chake juu ya mawimbi haonekani hata mita mia chache, na hakuna mwenzako anayeanza kujiuliza uko wapi.

Boya la kupulizia refu, mita 1.5 hadi 1.8, lenye rangi kali, na spuli (kigurudumu cha kukunjia uzi) yenye uzi mrefu kuliko kina chako: kwa mita 30 chukua kama 45 kwa sababu mkondo unaulaza uzi. Ukiwa unalirusha kutoka chini usiwe umeklipia spuli mwilini, ikikwama inakupandisha nayo. Boya la pili dogo liwe mfukoni. Kuna sehemu rangi ya njano ni ishara ya kuomba msaada, kwa hiyo ukifika mahali pageni waulize wenye boti wanasoma rangi vipi.

Firimbi, kioo, taa ya kuwaka na kuzima. Alafu ukizama mbali na pwani fikiria kifaa cha kuita msaada. Kuna PLB inayotuma ishara ya 406 MHz kwenye setilaiti za Cospas-Sarsat, inafika popote duniani lakini lazima uisajili, na nyingi hazihimili kina hivyo inakaa ndani ya kopo la kuzuia maji. Na kuna vya AIS ambavyo meli zilizo karibu zinakuona kwenye skrini zao, vizuri sana kama boti yako iko karibu na ina mashine ya kupokea, vinginevyo unajitangazia hewani hakuna anayesikia. Vyote vinafanya kazi ukiwa juu tu, antena nje ya maji.

Hatua ya 9: Vaa vyote, alafu toa nusu

Vaa kila kitu nchi kavu mbele ya kioo. Inama mbele kama uko majini, angalia nini kinaning'inia. Kila hosi ivutwe karibu na mwili kwa raba. Kila kinachotoka nje ya mstari wa mwili wako ni ndoano. Halafu fumba macho na mtu akutajie vitu ovyo ovyo: mdomo wa akiba, mkasi, spuli, valvu ya poni, hosi ya BCD. Ukisita kwenye kimoja, kihamishe na uanze upya. Ukishapata mahali pake usibadilishe tena kila wiki, mkono unajifunza mahali.

Hatua ya 10: Jaribu na mtu, sio peke yako

Mbizi za kwanza za mpangilio mpya fanya na mtu, mita 5, chini kuna mchanga. Yeye anaangalia tu. Badili kwenda kwenye poni ukiwa umetoa pumzi, yaani mapafu hayana kitu, maana ndivyo itakavyokuja. Panda mpaka juu ukivuta poni peke yake, na upime umetumia bar ngapi, ulinganishe na hesabu ya hatua ya 2. Vua maski, vaa ya spea. Chomoa hosi ya BCD. Rusha boya huku umetulia kina kile kile. Kama unapanda mita mbili kila ukirusha boya, bado.

Kisha rudia yote hayo kwa kina chako halisi. Poni inayovutika vizuri mita 5 inaweza kuwa nzito mita 30.

Hatua ya 11: Chek ya kabla ya kuingia

Hamna wa kukuchek kwa hiyo iandikwe, isomwe kwa sauti, kila mara. Mambo ambayo yanateleza zaidi: valvu kubwa kufunguliwa nusu. Vuta pumzi nne tano kwa nguvu huku macho yako kwenye sindano, ikishuka na kupanda kila unapovuta, valvu haijafunguka vizuri. Poni imefunguliwa na imejaa, sio ile ya wiki iliyopita ambayo ilikuwa inavuja kidogo kidogo. Kompyuta iko kwenye gesi ya leo. Zipu ya suti imefika mwisho.

Ukishuka simama mita 3 hadi 5. Ni mahali pa kutafuta mapovu, na kwa kuwa mgongo huuoni, jiviringishe ulale chali uyaangalie yanapanda kutoka wapi, sikiliza pia, uvujaji una sauti yake. Vuta mdomo wa akiba pumzi mbili hapo hapo chini ya maji. Povu la mfululizo kutoka shingo ya mtungi, panda, mbizi imeisha, kesho ipo.

Hatua ya 12: Mtu wa juu

Huyu ndo kifaa cha mwisho na hauzwi dukani. Mwandikie ujumbe: unaingia wapi, unatokea wapi, kina kirefu kabisa utakachofika, saa ngapi utakuwa umetoka, na saa ngapi akipiga simu hujashika aanze kuita msaada, pamoja na namba ya huyo wa kumwita. Acha nusu saa kati ya hizo saa mbili, isiwe masaa matatu. Ukitoka mwambie umetoka kabla hujavua suti, kwa sababu ukianza kuvua vifaa na kupiga stori utasahau, na mtu anayepigiwa kengele ya uongo mara mbili, ya tatu hatanyanyuka.